Mwatunge

Sanduku la kura la bati, namba kumi na saba,
sasa latiwa unga dukani kwa Bakoko.
Kufuli haliko. Ule mdomo mwembamba
ulozoea kumeza karatasi
umezibwa kitambaa, panya wasiingie.

Hapa palikuwa na jimbo.
Lilianzia kisima cha Mbeyu, likafuata minazi,
likazunguka mikorosho ya Mwakideu,
likachovya kidole horini, likarudi.
Mombasa ilikuwa kule ng'ambo, kwa wenye viatu.

Uchaguzi wa kwanza alama zilikuwa tatu:
jembe, jogoo, na taa.
Tukachagua taa.
Stima ilifika miaka ishirini na sita baadaye,
mheshimiwa wa taa keshazikwa.
Kaburini waliandika kwa rangi: MBUNGE WA MWATUNGE.
Mvua imekula MBU,
imebaki NGE.

Mwaka wa mlolongo tulijipanga nyuma ya picha.
Nyuma ya Chirima watu walifika hadi josho la ng'ombe.
Nyuma ya mwenziwe walisimama kumi na mmoja,
na mmoja wao alikuwa akingoja mfereji ufunguliwe.
Karani akahesabu, akakohoa, akasoma:
ameshinda wa kumi na mmoja.
Nyamvula hakutoka mstarini hadi adhana ya magharibi.
"Nihesabuni tena," alisema,
na wa kuhesabu wamekwenda zao.

Kisha ikaja tume, na ramani, na penseli.
Wakanywa madafu yetu kumi na manane,
wakasema watu ni haba,
minazi haipigi kura.
Penseli ikapita baina ya jiko la Nyamvula na chumba chake:
akawa apikia jimbo hili,
alala jimbo lile.

Leo mashamba ni ploti, ploti ni maghorofa,
watu watosha majimbo mawili na chenji.
Ukiwauliza vijana Mwatunge ni wapi
wakuonyesha kituo cha petroli.

Juzi Nyamvula alikwenda kuandikishwa.
Mashine ikavikataa vidole vyake,
vimelika kwa mbuzi ya nazi.
"Bibi, mjini umehamia lini?"
"Sikuhama mie. Ni papa hapa.
Jimbo ndilo lilojiendea,
wala halikuaga."

Bakoko anipimia kilo mbili.
Kopo lagonga bati: tumefika chini.
Nyumbani, nikichekecha, naona punje nyekundu.
Nadhani ni mdudu.
Ni lakiri.