Kikapu cha Ladina

Jumamosi, ofisi ya ukaguzi, nyuma ya kituo cha treni.
Ladina anamwaga msitu wake juu ya gazeti.
Bwana Tschuor anavaa miwani, hasemi kitu.
Ananusa. Anageuza kofia, anatazama matamvua.
Huu, sawa. Huu, sawa, ila una funza.

Kisha kidole kinasita:
rangi ya zeituni changa,
shina limekatwa safi kwa kisu.
"Kitako kiko wapi?"

Kimebaki ardhini, chini ya mwaloni,
na kifuko chake cheupe,
na jina lake.

Anautupa. Kisha kikapu kizima, hata ule wa sawa.
"Lakini ulinukia asali."
"Hata walioula huusifu, siku ya kwanza."

Nyumbani anakaanga mayai matupu.
Kisu anakiosha mara ya tatu,
bado anakitazama.