Reli ya Boksi

Boksi lilikuwa la sabuni ya mche, bado linanuka.
Nimelipasua, nikalilaza sakafuni,
na kwa chaki ya kukatia nguo nikachora reli:
Tabora, Usoke, Urambo, Kaliua,
Usinge, Nguruka, daraja la Malagarasi,
Uvinza, Kazuramimba, Luiche, Kigoma.
Vituo vingine nimeviruka. Boksi liliisha.

Ilikuwa baada ya Mihambo kuniletea
karatasi ya hesabu iliyokunjwa mara nane
ili kumi na saba ya hamsini isionekane.
Sikumchapa. Gauni la watu lilikuwa mezani,
pindo halijaisha, na mimi mwenyewe
shule niliiachia darasa la tano,
mwaka tumbaku ya baba ilipokataliwa sokoni.
Ningemchapa kwa lipi?

Sheria ni hizi. Kizibo cha soda ndilo behewa lako.
Ukitua Urambo, zidisha.
Ukitua Uvinza, kwenye chumvi:
maji yakikauka kinabaki nini, na kwa nini?
Ukitua Malagarasi hakuna swali, mto umefurika,
rudi Nguruka ukalale stesheni.
Kaliua unalamba asali,
kijiko kimoja, cha kweli. Niliahidi bila kufikiri
na chupa sasa inaona kitako.

Dadu alinichongea fundi Kasanga,
kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha bibi harusi,
akayachimba macho yake kwa keekee.

Wasichokijua ni usiku wangu.
Wakilala nafungua daftari la Mihambo
kwenye taa ya sola, kama mwizi wa kuku.
Kiasi juu, asili chini. Haya.
Kisha nikakutana na Kigawe Kidogo cha Shirika,
nikadhani ni habari za Shirika la Reli,
mambo ya mishahara.
Nilikaa nacho siku tatu.
Mwishowe nikautandaza utepe wa kupimia:
kidole hiki kikaruka mbili, nne, sita,
hiki kikaruka tatu, sita,
vikagongana.
Nikacheka peke yangu, Isevya nzima imelala.
Nyanzala akajigeuza kitandani:
"Mama, umeshinda?"

Jumapili Mihambo akagoma kucheza.
"Dadu yako inadanganya."
Ushahidi alikuwa nao, nyuma ya daftari la Kiswahili:
ameitupa mara sitini,
vijiti vimefungwa vitanovitano kama kuni za kuuza.
Kila uso ulistahili mara kumi, akasema.
Moja imetoka mara nne. Sita, ishirini na moja.
"Huku kwenye sita fundi kachimba mashimo mengi,
mbao imepungua, pamekuwa pepesi,
pazito panakwenda chini.
Na sita kutoka Tabora ni wapi? Hesabu."
Nikahesabu kwa kidole.
Malagarasi.
"Basi. Nyanzala hana nuksi. Ni mbao."

Nyanzala, aliyelala Nguruka usiku kumi na moja mfululizo,
hakusema kitu. Alikuwa anaitazama reli.

Nikasema kesho naipeleka kwa Kasanga aichonge upya.
"Usipeleke," akasema Mihambo, "tukishajua inavyodanganya
tunasogeza daraja tu."
Akachukua chaki yangu.

"Mto hausogezwi," akasema Nyanzala. Yuko darasa la tatu.
"Mama aliruka Mabama. Irudishe Mabama."

Kimya. Hata cherehani ilikuwa kama inasikiliza.

Tukaibana Mabama kati ya Tabora na Usoke,
herufi zimesimama upandeupande
kama abiria waliochelewa kupata siti.
Nikaitikisa dadu kiganjani, mninga wa watu, mwongo wetu,
nikaitupa.

Sita.

Mabama, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge,
Nguruka.
Palepale tulipokuwa tukilala kila siku,
ila safari hii tumefika wakavu.