Kipimo cha Kiberiti

Nikiletewa kitambaa pale Kibuye, siulizi bei.
Navuta uzi mmoja ukingoni, nawasha kiberiti.
Pamba huungua kama karatasi,
hunuka kama shamba lililochomwa kungojea mvua,
na majivu yake, ukiyafikicha, hayapo.
Poliesta hujikunja. Hudondosha chozi jeusi
ambalo likipoa huwa shanga
isiyovunjika kwa ukucha.
Mteja hunitazama kama amekuja kwa mganga.
Namwambia: mama, hii utaivaa Kisumu hii, mwezi wa pili,
saa nane mchana?
Utatoka jasho kama chapati ndani ya hotpoti.

Sikufundishwa na chuo.
Nyanya yangu Akelo alilima pamba nyuma ya Kendu Bay
hadi malipo yalipochelewa misimu miwili,
akang'oa, akapanda mtama, hakuzungumza tena habari hiyo.
Iliyobaki aliishindilia mtoni mwa kulalia.
Mbegu mbili tatu zilisalia humo.
Usiku zikikudunga sikioni
ulijua umelalia kitu kilichowahi kuwa hai.

Odemba, mume wangu, hakuyaamini haya.
Yeye ni mtu wa vinavyong'aa.
Mshahara wa kwanza alipita Kondele
akarudi na mashuka ya zambarau, yanateleza kama kambare.
"Hariri," akasema.
Nikachukua kiberiti.
"Weka chini, Apondi, utachoma ndoa."
Usiku ule mto ulianguka, blanketi likaufuata,
kisha naye akaporomoka, puu!
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Asubuhi niliyakunja mashuka yale, nikayatia chini ya sanduku,
nikatandika yangu, ya mtumba, yaliyofuliwa na watu nisiowajua
hadi yakawa laini kama ngozi ya shingo ya mtoto.

Halafu ile jezi yake ya kijani.
Plastiki tupu. Haikunjamani, haichuji.
"Naifua usiku, asubuhi imekauka," alijisifu.
Nikamjibu: hata ndoo iko hivyo.

Juni iliyopita alikwenda Doha,
kulinda lango la jengo lenye barafu ndani na tanuri nje.
Alibeba mashati mawili niliyomshonea, pamba,
kwa mara ya kwanza bila ubishi.
Wiki ya pili akapiga simu:
"Sare ya huku ni ile uliyoniambia. Kola mpaka kidevuni.
Ikifika saa nane nakukumbuka."
Nilitaka kucheka. Laini ikakatika.

Mwezi wa nne wa upweke
nilimtafuta kwa pua.
Shati lake la buluu, lenye kiraka nilichokitia mwenyewe:
sabuni, jua, basi.
Pamba husamehe upesi mno,
maji mawili tu na imeshasahau nani aliivaa.
Nikaigeukia jezi, msumarini nyuma ya mlango.
Naapa niliifua. Mara nne.
Niliiloweka kwenye siki, nikaianika juani toka asubuhi hadi jioni.
Pale kwapani, bado yupo:
ukali wa kitunguu, grisi ya pikipiki,
jasho la mechi tuliyofungwa dakika ya mwisho
akarudi nyumbani bila sauti.
Nilisimama nyuma ya ule mlango
hadi uji ukafurika jikoni.

Neno langu sijalibadilisha.
Bado nalalia pamba, na wateja nawawashia kiberiti,
nawaonyesha ile shanga nyeusi, wanaguna, wananunua hata hivyo
kwa sababu ni rahisi na ina maua.

Lakini kwenye pindo la jezi kuna uzi wa kijani umechomoza,
unaning'inia, urefu wa kidole.
Siuvuti.