Mate ya Alfajiri

Wete, saa kumi na moja, taa ya kituo bado inawaka.
Nawagawia vichupa: temeni humu,
kabla ya mswaki, kabla ya chai.

"Mnatupima uanaume?" Hamad Faki achekesha benchi zima.
"Homoni," nasema. "Ya kiume, na ile ya msongo,
tuone zinavyousukuma moyo."
"Yangu mie andika imejaa pomoni!"
Wanacheka. Naandika: nambari arubaini na moja.

Swali la tisa. Una mawazo yanayokunyima usingizi?
"Alhamdulillahi, mzima."

Nambari arubaini na moja alikodi mikarafuu kwa pesa za watu,
mvua ikazikuta karafuu jamvini, zikavunda.
Najua, kwa kuwa dada yangu Mize ndiye mkewe:
usiku humsikia akihesabu gizani,
afike kati, apotee, aanze tena.
Fomu haina nafasi ya kuandika hayo.

Namfunga mkanda. Mashine inanguruma, inakaza mkono,
inapumua.
Mia na themanini na mbili.
"Kahawa hiyo," asema.

Kichupa nakitia kwenye barafu. Boti ya saa moja
itakichukua hadi maabara, Unguja.
Kinywa kimeshasema mzima;
mate ya kinywa kile kile
yanakwenda kusema yao,
kwa watu wasiomjua, wasiomwonea haya.

Nampa kikaratasi cha kliniki ya moyo, Jumatano.
Hakisomi. Anakikunja mara nne,
anavua kofia,
anakitia ndani,
anaivaa tena, na kuiweka sawa.