Kaa Juu ya Kaa

Mizani yangu ni ya saa, ina kutu usoni,
huanzia gramu hamsini kabla hujaweka kitu.
Jomvu nzima inajua, nami najua kwamba inajua.

Bamvua la Mfungo Sita lilipopwa
Mejumaa alipanda na gunia la katani,
tope magotini, kulabu begani, kavu.
"Leo sikuchokoa shimo hata moja," akasema.
"Walikuwa nje. Wamekaa."

Kaa hakai.
Ukimwona kaa amekaa, ana lake.

Nikamgeuza wa kwanza. Jike, na mayai.
Mwenye mayai huteremka bahari kuu; huyu hakuwahi.
Mayai ya kaa nayajua:
huanza na rangi ya papai bivu,
yakikaribia kuanguliwa huwa meusi kama mbegu zake.
Haya hayakuwa papai wala mbegu.
Yalikuwa na manyoya,
meupe, laini, kama yale yaotayo
kwenye mkate wa mofa uliosahauliwa mkobani
siku tatu za mvua.

Wa pili, doa jeusi limelila gamba.
Wa tatu nikamfungua: matamvua,
yanayofaa kuwa na rangi ya tui,
masizi ya sufuria.

Mejumaa akanitazama.
"Mpishi huyatoa hayo," akasema.
"Huyatoa," nikasema.
Nikayakwangua kwa kijiko, nikasuuza, nikapima.
Kilo kumi na moja na robo,
pamoja na zile hamsini ambazo si za mtu.
Jioni hoteli ya Nyali ikatuma pikipiki.

Hakuna aliyeumwa. Nalitanguliza hili
usije ukanihukumu kabla sijamaliza.

Makwangulio nikayamwaga majini.
Kila mtu humwaga majini.
Hori hili halijamrudisha mgeni:
chupa za Changamwe, mafuta ya Kipevu,
viatu, vyote mguu mmoja.

Ijumaa ya pili akaja Tsuma wa utafiti
na vichupa vyake, na hadubini
aliyoiweka juu ya meza yangu ya samaki
kama mtu anayeweka msahafu.
"Kuvu," akasema. Neno dogo.
"Haina meno. Huingia kama uzi wa mshonaji,
yai hili, jirani yake, jirani wa jirani,
ikishiba inatoa vijimbegu vinavyoogelea."
"Vinaogelea?"
"Vinaogelea. Kwa hiyo ukimtupa mgonjwa majini,
hujatupa. Umepanda."

Nikachungulia. Sikuona ugonjwa.
Niliona lasi, ushoni mwembamba,
kazi ya mtu mwenye subira kuliko mimi.

Kumbe Mikindani walijua. Port Reitz walijua.
Wa kamba walikuwa nao, wa chaza wakakohoa tu.
Bei ilitufunga midomo;
tulikuwa kama watu wa nyumba moja wenye upele mmoja,
kila mtu akijikuna gizani.

Kaa akiinua gando, mambo yamekatika.
Haya. Na akishindwa kuliinua?
Hapo methali ilituacha ufukweni.

Tsuma alisema shimo, mbali na maji, moto, kisha chokaa.
Mejumaa akaleta makaa debe mbili
na hakudai hela, jambo ambalo si kawaida yake.
Kaa juu ya kaa.
Lugha yangu haina huruma:
nami nimekaa, nahesabu magando
yanavyobadilika rangi mmoja mmoja,
kijani, kahawia, halafu ule wekundu wa arusi.

Na Mungu anisamehe, harufu ilikuwa tamu.
Ilipita kwenye mikoko, ikakata uchochoro,
ikabisha hodi nyumba ambazo mwezi huu
hazijanusa ila sukuma wiki.

Wakaja watoto wa Mwanamgeni,
watatu, na sahani moja ya bati,
wakapanga foleni bila kuambiwa.

"Si chakula hiki," nikasema.

Mdogo akageuza sahani, akaifuta kwa kanzu,
akainyoosha tena.

"Mbona chanukia?"