Mikono Mikavu

Kambale wa kwanza alitoa kichwa.
Kaumba alikifungua kwa kisu cha vitunguu,
chini ya ubongo akachokonoa
kipunje kimoja cha waridi, si zaidi ya mtama,
akakisaga, akatia maji ya chumvi, akavuta kwa sindano.
"Hiki ndicho kinachoyaambia mayai: haya, muda."

Wa pili, jike, tumbo kama mfuko wa unga,
tulimfunika macho kwa kitambaa kilicholowa.
Sindano iliingia mgongoni saa kumi na mbili jioni.
Akatikisika mara moja. Basi.

Mtoni, mvua ndiyo ingemwambia.
Kafubu ingepanda majanini, naye angepanda nayo.
Lakini huu ni mwezi wa saba, Lubumbashi,
vumbi jekundu, midomo inapasuka,
na wateja wa Katuba wanataka vifaranga
kabla mvua haijakumbuka njia.

Saa tatu usiku umeme ukakatika.
Kipimajoto: ishirini na nne. Ishirini na mbili.
Kila digrii inayoshuka
inarefusha kungoja kwake.
Niliwasha mbabula, nikapasha maji,
nikamimina kikombe kwa kikombe, pembeni, mbali na kichwa,
kama nilivyomwogesha Numbi wangu
siku zile nane.

Alfajiri, bado. Saa tatu asubuhi, bado.
Kaumba alilala ameketi, kofia usoni.
Saa tano nikambonyeza kwa kidole gumba
na mayai yakaja yenyewe, ya kijani kilichoungua,
yakateleza kwenye beseni bila kelele.

"Mikono mikavu," Kaumba akasema, macho wazi sasa.
"Beseni kavu. Taulo kavu. Tone moja tu la maji
kabla ya dume, yai linafunga mlango
na halifungui tena, hata ukipiga hodi mwaka mzima."
Nikageuza uso. Nikaufuta kwa bega.

Dume tulimpasua. Dume wa kambale
hatoi kwa kubembelezwa.
Kaumba akakamua weupe wake juu ya mayai,
nikakoroga polepole kwa unyoya wa kuku,
ndipo akanipa ruhusa: maji. Sasa ndiyo, maji.

Jioni tulimla dume kwa bukari.
Nilikuwa na njaa, sitadanganya.

Siku iliyofuata nilivuta kwa mpira yaliyokufa,
meupe, laini, yakanatana kama wali uliolala.
Mengi. Niliacha kuhesabu kwenye mia nne.
Chini ya wavu, gizani, kitu chembamba kuliko uzi
kikapiga mkia,
kikapumzika,
kikapiga tena.