Daftari la Faini

Jumba letu linaitwa Ufuoni,
na bahari iko mwendo wa usiku mzima kwa basi.
Aliyelijenga alipaka kuta rangi ya samawati,
akachora samaki mmoja juu ya lango, hana jicho,
akaona yatosha.

Sisi wapangaji wa Pangani tumezoea.
Maji huja Alhamisi, yakipenda.
Bustani ni ya pamoja: kipande cha ardhi
baina ya tangi na kamba za kuanikia,
bogenvilia inayoparamia ukuta bila kuulizwa,
waridi tatu za Bwana Githaiga, mwenyekiti,
na kule pembeni, penye nguzo ya stima,
mti ambao kwa miaka saba
tuliupita tu.

Bi Mwanamize aliuleta kutoka Siu
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
akiupakata njia nzima kama mtoto mwenye homa.
Mlangilangi, alisema. Nasi tukaitikia, mlangilangi,
kama watu waliotajiwa jina la mgeni
na papo hapo wamelisahau.
Aliunywesha maji ya kuoshea mchele.
Julai, baridi ikiuma hata vitasa vya milango,
aliufunga kanga shinani, kanga nzuri, ya kutokea.
Mti ukarefuka. Majani tele. Ua, hata moja.
Githaiga akasema, huo ni kuni.
"Haujakataa," alijibu. "Unaisikiliza baridi."

Kibao tulikitundika wenyewe, katibu ni mimi:
MARUFUKU KUCHUMA MAUA.
FAINI SHILINGI MIA MBILI KILA UA.
Mtoto wa Bosibori alilipishwa mia nne
kwa waridi mbili alizompelekea mwalimu wake.
Niliandika kwa mkono wangu huu, bila kusita.

Mwaka wa nane, magoti yakashindwa na ngazi.
Binti yake akaja kumchukua, wakaenda Mombasa.
Aliniachia kopo tupu, la kuwekea vibanio, na swali:
"Ukinusa kitu usichokijua, utanipigia?"

Nilinusa Machi, usiku, maji yakiingia tangini.
Nikadhani ni sabuni ya mtu.
Nikadhani ghorofa ya pili wana harusi.
Nikashuka na malapa.
Hayafanani na maua, yale:
vitambaa vya kijani vilivyochanika,
vingine vimegeuka manjano, vimeinama
kama vidole vinavyopapasa pete iliyoanguka.

Saa kumi na moja alfajiri nikarudi na ngazi ya fundi.
Ndeto, mlinzi, akanimulika.
Akaona ni katibu. Akakiona kibao.
Akazima tochi, akageukia lango
kutazama gari ambalo halikuwepo.

Nilichuma kumi na moja.
Nikayaviringisha katika gazeti bichi, nikayatia koponi,
kopo lilelile,
na basi la saa mbili likalibeba
pamoja na spea za pikipiki.

Alipiga kesho yake.
"Yamefika meusi. Yamekunjamana kama mimi."
Kisha kimya. Nikasikia anavuta pumzi,
si ya kilio, ya kunusa.
"Ulichuma mangapi?"
"Kumi na moja."
"Na ya juu?"
"Sikuyafikia."
"Vyema. Hayo ni ya jumba.
Mwambie Githaiga akoke moto, tuone."

Sikumwambia. Jumamosi nilifungua daftari la faini,
nikaandika tarehe, jina langu kamili, ghorofa ya tatu,
maua kumi na moja, shilingi elfu mbili na mia mbili.
Penye sababu nilikaa sana na kalamu.
Mpaka leo pana doa la manjano tu.

Bosibori, mweka hazina, alisoma.
Akahesabu noti mara mbili,
akainua ukurasa hadi puani,
akaushusha.
Kisha akachomoa mia nne, akazitia mkobani mwake,
akaniandikia risiti ya pesa zote.
Hakuuliza.
Nami sikuuliza.